Wanavajo wa Marekani: makaa, mafuta na urani vimetoka kwao, hospitali ni za bure. Mbona umaskini na maradhi haviishi?

#1 Nyundo ya Geita

Wakuu, salaam. Najua humu wapo waliolifuatilia jambo hili kwa undani, kwa hiyo naliweka mezani.

Wanavajo, ambao wenyewe hujiita Diné, ndio wenyeji wa asili wa Marekani wenye eneo kubwa kuliko wenzao wote: kilomita za mraba 70,000 na ushei, kati ya Arizona, New Mexico na kipande cha Utah. Ni dogo kidogo tu kuliko Mkoa wa Tabora. Humo yametoka mafuta tangu miaka ya 1920, urani tangu 1944, na makaa ya mawe yaliyowasha taa hadi Los Angeles na kusukuma maji ya Mto Colorado mpaka Phoenix. Juu ya hapo wana hospitali za serikali kuu, chini ya IHS, idara ya afya ya wenyeji, ambako mgonjwa hatoi senti. Mkataba wa 1868 uliwahakikishia hilo.

Sasa angalieni upande wa pili. Karibu kaya 3 katika kila 10 hazina maji ya bomba. Mei 2020 kiwango cha maambukizi ya korona kwao kilipita cha Jimbo la New York. Kisukari kimejaa. Na mkaguzi wa serikali alionyesha kwamba mwaka 2017 IHS ilitumia dola 4,078 kwa kila mtu inayemhudumia, wakati Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, ilitumia dola 8,109 na Medicare, ile ya wazee, dola 13,185.

Tatizo ni hela, ardhi, au uongozi? Mimi naegemea kwenye hela. Karibuni.

#2 Kifungu cha Sita

Mleta uzi, nakusahihisha kabla kosa halijasambaa. Mkataba wa 1 Juni 1868 haukuahidi hospitali wala daktari. Usome kifungu kwa kifungu: serikali iliahidi ghala, nyumba ya wakala, karakana ya seremala, karakana ya mhunzi, shule na kanisa dogo. Kifungu cha 6 kinasema mwalimu mmoja kwa kila watoto 30. Wakapewa na kondoo na mbuzi 15,000. Mikataba ya makabila mengine ya miaka ileile ilimtaja daktari. Huu wa Wanavajo haukumtaja.

Huduma ya afya imesimama juu ya sheria za Bunge. Sheria ya Snyder ya 1921 iliruhusu fedha zitumike kwa afya ya wenyeji. Mwaka 1955 huduma ikahamishwa kutoka Ofisi ya Masuala ya Wahindi (ndivyo serikali ilivyowaita wenyeji), yaani BIA, kwenda Idara ya Afya ya Umma, ndipo IHS ikazaliwa. Sheria ya 1975, namba 93-638, iliwaruhusu kuendesha hospitali wenyewe kwa mkataba. Ya 1976 iliruhusu hospitali zao kuidai Medicare na Medicaid.

Tofauti hii ina uzito. Kinachosimama juu ya sheria za bajeti hupigiwa kura kila mwaka. Medicare ni haki ya mtu: akiugua, inalipa. IHS hupewa fungu, na fungu likiisha limeisha.

#3 Bi Karani

#2 umenena. Ngoja niongeze namna "bure" inavyofanya kazi dirishani, maana hapo ndipo wengi hupotea.

Ukitibiwa ndani ya hospitali ya IHS, mfano Shiprock, Chinle au Gallup, hulipi. Ugonjwa ukiwa mkubwa kuliko uwezo wao, kwa mfano upasuaji wa moyo, unapelekwa hospitali ya nje kwa fungu la rufaa linaloitwa PRC. Ili PRC ilipe, mambo haya yote yawepo:

Uwe unaishi ndani ya wilaya za PRC za eneo lako. Mnavajo aliyehamia jimbo la mbali kikazi anatibiwa bado kwenye hospitali za IHS akifika, lakini fungu la rufaa la nyumbani kwa kawaida linamponyoka.

Uwe umeomba kwanza vyanzo vingine: Medicaid, Medicare, bima ya kazini. PRC ni mlipaji wa mwisho kabisa. Ukikataa kujaza fomu za Medicaid, PRC nayo inakataa.

Ugonjwa wako uwe ndani ya daraja linalolipwa wakati huo. Daraja la kwanza ni la kuokoa uhai au kiungo. Fedha zikipungua, linabaki hilo tu. Goti lililosagika linasubiri, mtoto wa jicho anasubiri.

Ukipelekwa hospitali ya nje kwa dharura, wewe au ndugu yako au hospitali mtoe taarifa ndani ya saa 72. Wazee na walemavu wanapewa siku 30. Hapa ndipo panapoumiza watu wengi. Mgonjwa amezimia, binti yake hana simu yenye mtandao, siku ya nne imepita. Ankara inageuka deni lake binafsi na kupelekwa kwa wakusanya madeni.

Mwaka wa bajeti unaanza 1 Oktoba. Ndiyo maana kwenye maeneo ya wenyeji kuna usemi wa siku nyingi: usiumwe baada ya Juni.

#4 Kunguru wa Pwani

Bi Karani leo umekuja na jalada zima. Swali dogo: kama ni hivyo, hospitali zenyewe zinaendeshwa na nini fungu likiisha?

#5 Bi Karani

#4 malipo ya Medicaid na Medicare. Tangu sheria ya 1976, mgonjwa mwenye Medicaid akitibiwa kwenye hospitali ya IHS, serikali kuu huirudishia jimbo gharama hiyo asilimia 100. Arizona na New Mexico zilipopanua Medicaid mwaka 2014, hospitali zilipata pumzi, kwa sababu kila mtu mzima aliyeandikishwa aligeuka chanzo cha mapato. Zile zinazoendeshwa na Wanavajo wenyewe chini ya 638, kama Tuba City, Winslow na Fort Defiance, zimesimama sana juu ya mguu huo. Medicaid ikitikiswa Washington, wao ndio wa kwanza kuyumba.

Jambo moja jema: kuanzia mwaka wa fedha 2024 Bunge linaipa IHS sehemu kubwa ya fungu lake mwaka mmoja kabla, kwa hiyo serikali ikifungwa kwa mvutano wa bajeti kliniki hazifungwi nazo.

#6 Daftari la Kliniki

Wakuu, mimi nawapinga wote mnaoanzia kwenye hela ya hospitali. Jaribio la Many Farms lilishatoa jibu zaidi ya miaka 60 iliyopita.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1950 hadi 1962, madaktari wa Chuo Kikuu cha Cornell, wakiongozwa na Walsh McDermott, walifungua kliniki ya kisasa Many Farms, Arizona, kwa jamii ya watu wapatao 2,000. Walikuwa na magari yenye redio, eksirei, maabara, na wahudumu wa Kinavajo waliofundishwa kwenda nyumba kwa nyumba. Watu waliitumia kliniki vizuri, kwa hiyo msiseme walikataa dawa za kizungu.

Matokeo: uambukizaji wa kifua kikuu ulishuka, na masikio ya watoto yanayotoka usaha yalipungua. Lakini kuharisha na nimonia za watoto wachanga, vile viwili vilivyokuwa vinaua zaidi, havikutikisika. Kwa nini? Familia nzima ililala chumba kimoja ndani ya hooghan, nyumba ya jadi ya Kinavajo, sakafu ya udongo, jiko la kuni katikati, maji ya pipa, inzi. Daktari anampa mtoto dawa asubuhi, jioni mtoto anakunywa maji yaleyale. Kifua kikuu kilikuwa na kidonge chake. Kuharisha dawa yake ilikuwa bomba na choo, na kliniki haikuwa navyo.

#7 Fundi Bomba

#6 umesema kweli nusu. Serikali ililiona hilo, ikatoka sheria ya 1959, namba 86-121, inayoipa IHS hiyohiyo kazi ya kujenga maji na vyoo. IHS ni idara ya afya yenye mainjinia wa mabomba, na vifo vya watoto wachanga wa wenyeji vilishuka sana miongo iliyofuata. Kwa hiyo huwezi kuitoa bajeti ya afya kwenye hesabu ya maji, ni mfuko mmoja. Sheria ya miundombinu ya 2021 iliongeza dola bilioni 3.5 kwa miaka mitano kwa kazi hiyo nchi nzima.

Kwa wale wanaodhani kuchota maji ni kubeba ndoo, twende kwa vipimo. Pipa la kawaida ni lita 208. Tangi la plastiki lenye kizimba cha chuma, lile la mraba, ni lita 1,040 hivi, yaani zaidi ya tani moja likijaa. Pikapu ya kawaida haikuundwa kubeba tani. Springi za nyuma zinakaa, breki zinachelewa kushika, na kwenye barabara ya udongo yenye mawimbi maji yanapiga huku na huku na kuivuta gari kwenye mtaro. Wenye busara hubeba tangi dogo lililojaa mpaka juu, lenye uzito ambao gari linaumudu, na hufunga mikanda miwili. Tangi jeupe linapitisha mwanga, mwani wa kijani unaota ndani ya wiki chache za joto. Lifunike turubai jeusi. Januari koki ya chini inaganda na kupasuka, kwa sababu ule ni uwanda wa juu na usiku unashuka chini ya sifuri.

Kutibu maji: jiki isiyo na manukato, ya nguvu ya asilimia 8 hivi, matone 6 kwa galoni. Kwa pipa la lita 208 ni kama mililita 16, vijiko vitatu vya chai, kisha usubiri nusu saa. Maji yakiwa na tope, chuja kwanza kwa kitambaa, la sivyo jiki inaishia kwenye uchafu.

Na hapa pana kosa linaloua polepole: jiki inaua vijidudu tu. Haiondoi urani wala aseniki. Kuchemsha ndiko kubaya zaidi, maji yanapungua na sumu inabaki palepale. Visima vya pangaboi, vinavyovuta maji kwa upepo, vilichimbwa kwa ajili ya mifugo, na vingi vimeandikwa kwamba si vya binadamu. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Marekani ni mikrogramu 30 za urani kwa lita na 10 za aseniki, na baadhi ya visima hivyo vimepimwa vikapita.

#8 Mgodini

#7 asante kwa kufungua mlango wa urani.

Wanavajo huiita łeetso, uchafu wa manjano. Kati ya 1944 na 1986 zilitolewa karibu tani milioni 30 za mawe ya urani, na migodi zaidi ya 500 ikaachwa wazi. Mgodi mdogo ulikuwa pango la kuchimbwa kwa baruti, lisilo na feni. Urani ikichakaa hutoa gesi ya radoni, na radoni huzaa chembe zinazoshika kwenye vumbi na kuingia mapafuni. Wachimbaji waliingia muda mfupi baada ya mlipuko, wakanywa maji yanayodondoka kwenye kuta, wakarudi nyumbani na nguo zilezile. Idara ya Afya ya Umma ilianza kuwapima mwaka 1950 bila kuwaambia hatari iliyokuwa inachunguzwa. Saratani ya mapafu ikatokea kwa watu ambao wengi wao hawakuvuta sigara.

Mawe ya migodi yalitumika pia kujengea sakafu na kuta za nyumba. Alfajiri ya 16 Julai 1979, bwawa la mabaki la Church Rock, New Mexico, lilibomoka. Udongo wa chini ulititia, na nyufa zilikuwa zimeonekana kabla. Ziliingia Mto Puerco tani 1,100 za mabaki na lita milioni 350 na ushei za maji ya asidi yenye mionzi. Kondoo walikuwa wananyweshwa mtoni humo.

Fidia: sheria ya 1990 iliwapa wachimbaji dola 100,000. Nani alikwama? Wajane. Ndoa zao zilikuwa za kimila, hazina cheti, na waajiri wengi hawakuacha orodha ya wafanyakazi. Marekebisho ya 2000 yalilegeza masharti ya ushahidi. Waliochimba baada ya 1971 waliachwa nje. Sheria ilikufa Juni 2024, ikafufuliwa Julai 2025, na sasa inafika waliofanya kazi hadi mwisho wa 1990. Hesabuni wenyewe wangapi wamekufa katikati.

#9 Kunguru wa Pwani

Mkuu #8, na huku kwetu Mkuju, Namtumbo, penye urani? Tujifunze nini?

#10 Mgodini

#9 hilo lianzishiwe uzi wake, tusiupoteze huu. Kwa ufupi: pimeni visima vyote vya jirani KABLA ya kuchimba, urani na aseniki, muandike tarehe na mahali. Wanavajo hawakuwa na vipimo vya mwanzo, kwa hiyo mwekezaji aliweza kusema sumu ilikuwepo tangu zamani ardhini. Bila kipimo cha mwanzo huna cha kujibu.

#11 Hesabu Kali

Turudi kwenye mada: underdevelopment, au tuseme kudumazwa kiuchumi. Wanavajo hawakuachwa nyuma, walivutwa nyuma. Baraza lao la kwanza la 1923 liliundwa ili kuwe na mtu wa kusaini mikataba ya mafuta. Anzieni hapo.

Makaa ya mawe: mkataba wa 1964 na kampuni ya Peabody uliweka mrabaha usiozidi senti 37.5 kwa tani. Siyo asilimia, ni senti, bei ya dunia ipande isipande. Mkataba ulipofika wakati wa kurekebishwa mwaka 1984, afisa wa BIA wa eneo aliamua iwe asilimia 20. Kampuni ikakata rufaa. Mwaka 1985 mjumbe wa kampuni alikutana faraghani na Waziri wa Mambo ya Ndani, Donald Hodel, na waziri akaagiza uamuzi usitolewe. Wanavajo hawakujua. Wakasubiri, wakachoka, mwaka 1987 wakasaini asilimia 12.5. Waliposhitaki, Mahakama ya Juu iliwakatalia mara mbili, 2003 na 2009. Mdhamini wao kisheria, yaani serikali kuu, alikuwa mezani na upande wa pili, na bado mahakama ikasema hakuna kifungu kilichovunjwa.

Kituo cha umeme cha Page, megawati 2,250, kilifungwa Novemba 2019, na mgodi wa Kayenta uliokilisha makaa ulikuwa umefungwa Agosti mwaka huohuo. Kazi zikaondoka pamoja na mrabaha. Nyaya za msongo mkubwa zilipita juu ya nyumba zisizo na taa kwa zaidi ya miaka 40. Nyumba zaidi ya 10,000 bado hazina umeme, na kuivutia nyumba moja ya mbali laini kunakadiriwa kufika dola 40,000.

#12 Mchungaji Jadi

#11 nakazia, ila umeruka la kwanza. Kabla ya makaa kulikuwa na kondoo. Uchumi wa Wanavajo ulikuwa sufu, nyama na mazulia ya kufuma, na ulikuwa wao wenyewe. Miaka ya 1930 serikali, kupitia kamishna wa BIA John Collier, ilisema malisho yameisha na tope litajaza bwawa jipya la Hoover, ikapunguza mifugo kwa nguvu. Wanyama wengine walipigwa risasi wakaachwa waoze. Wanawake, ndio waliokuwa wenye mbuzi na kondoo wengi, walipoteza zaidi. Kisha vikaja vibali vya malisho vyenye hesabu yake: ng'ombe mmoja ni sawa na kondoo 4, farasi ni 5.

Familia iliyokuwa inakula nyama yake ikahamia kwenye unga mweupe, sukari na mafuta ya mgao. Tunapouliza kisukari kimetoka wapi, tusianzie hospitali.

#13 Daftari la Kliniki

#12 hapo tumekutana. Ongeza kwamba eneo lote lina maduka makubwa ya vyakula 13 hivi. Mwaka 2014 walipitisha kodi ya asilimia 2 juu ya vyakula visivyo na lishe, na wakaondoa kodi yao ya mauzo kwenye mboga na matunda. Fedha inarudi kwenye chapta, ambazo ni kama serikali za vijiji, zipo 110, kwa ajili ya bustani na viwanja vya mazoezi. Kodi bila duka la mboga la karibu haimbadilishi mtu sana, lakini ni sheria waliyoitunga wenyewe.

#14 Mpima Ardhi

Wote mnaizunguka ardhi. Ardhi ya Wanavajo ni ya amana: inashikiliwa na serikali kuu kwa niaba yao. Huwezi kuiuza, huwezi kuiwekea rehani ya kawaida. Benki kwa kawaida haikukopeshi.

Kijana anayetaka kujenga anaomba kupangishwa kiwanja kisichozidi ekari moja. Anatafuta saini za wenye vibali vya malisho wa eneo hilo, na hivi ni vibali vilevile vya #12, vimerithiwa na vinagombewa mahakamani. Mwenye kibali akikataa, safari imeisha. Akikubali, afisa wa malisho anathibitisha, mpima anapima, mtaalamu wa mambo ya kale anakagua kama kuna makaburi au magofu, idara ya wanyamapori inakagua viumbe, ndipo hati inatoka. Malipo ya mpima na ya mtaalamu wa mambo ya kale yanatoka mfukoni mwake. Kwa duka au gereji urefu unaongezeka, ndiyo maana watu wanaendesha hadi Gallup na Farmington kununua bidhaa, na fedha ya kijijini inalala mjini.

Na sasa afya: daktari anayekuja Chinle hawezi kununua nyumba. Anakaa kwenye nyumba za hospitali. Zikijaa, nafasi ya kazi inabaki wazi hata kama mshahara upo. Mke au mume wake hana kazi ya kufanya. Mkataba ukiisha anaondoka. Mnaita hilo upungufu wa madaktari, mimi naliita upungufu wa viwanja.

#15 Kifungu cha Sita

#14 na usisahau Zuio la Bennett. Mwaka 1966 kamishna Robert Bennett alizuia maendeleo yote kwenye ekari milioni 1.5 magharibi, upande wa Tuba City, kwa sababu ya mgogoro wa ardhi na kabila jirani la Wahopi. Bila ruhusa ya makabila yote mawili hukuruhusiwa kuvuta maji wala kukarabati paa. Liliondolewa 2009. Miaka 43, paa halizibwi. Hapo hata ungekuwa na hela na hati.

Na kuhusu maji: 22 Juni 2023 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 kwa 4, ilisema mkataba wa 1868 unawapa haki ya maji lakini haulazimishi serikali kuchukua hatua za kuwapatia. Jaji Gorsuch aliandika kupinga. Ndiyo maana kule juu niling'ang'ania maneno ya mkataba.

#16 Nyundo ya Geita

Nimejifunza mengi, asanteni. Ila mbona hakuna anayegusa uongozi? Mwenyekiti Peter MacDonald alifungwa kwa rushwa. Ranchi ya Big Boquillas ilinunuliwa 1987 kwa mamilioni zaidi ya bei aliyolipa dalali aliyewauzia. Na fedha za korona?

#17 Hesabu Kali

MacDonald ni kweli, na miaka mingi baadaye, 2009, watu wenyewe walipiga kura kupunguza wajumbe wa baraza kutoka 88 hadi 24. Lakini fedha za korona hazifanani na hilo. Walipewa dola milioni 714 mwaka 2020, zikachelewa, wakalazimika kwenda mahakamani pamoja na makabila mengine, na zilipofika masharti yalikuwa zitumike kufikia 30 Desemba 2020. Bomba la maji la kilomita 20 linahitaji ukaguzi wa #14 wote. Haliwezekani ndani ya miezi michache. Sehemu kubwa ikaishia kugawiwa watu kama hundi za kujikimu. Mtu wa nje akiona anasema wamekula.

#18 Daftari la Kliniki

#16, ukitafuta uongozi uliofanya kazi mtazame Annie Wauneka, aliyeingia barazani 1951. Kifua kikuu kwa Kinavajo ni jéí ádįįh, mapafu yanayotoweka. Wagonjwa walikuwa wanatoroka sanatoria, hospitali za kifua kikuu. Alikaa kwanza na hataałii, waganga wa nyimbo, akawaonyesha vijidudu kwa hadubini, wakakubaliana nani anatibu nini: mgonjwa afanyiwe ibada yake, kisha amalize dawa. Alitunukiwa Nishani ya Rais mwaka 1963. Na Oktoba 2024 serikali kuu iliruhusu Medicaid ya Arizona na New Mexico kulipia tiba ya jadi inayotolewa kupitia vituo vya wenyeji. Zaidi ya miaka 70 baadaye.

#19 Bi Karani

Upande mwingine wa Medicaid nao uandikwe. Mei 2023 Arizona ilitangaza udanganyifu mkubwa wa nyumba za kuachisha pombe mjini Phoenix. Mpango wa Medicaid wa wenyeji uliruhusu mtoa huduma kujipangia bei. Magari yalifuata watu mpaka eneo la Wanavajo, yakawachukua kwa ahadi ya chakula na kitanda, vituo vikadai jimbo kwa matibabu yasiyotolewa. Vilipofungwa, watu waliachwa mitaani bila nauli ya kurudi. Kwa hiyo #1, hela zilikuwepo, nyingi, na ziliwadhuru walewale.

#20 Kunguru wa Pwani

Mimi bado nasema ni maji. Mkiunganisha maji mengine yatafuata.

#21 Mpima Ardhi

#20, basi fuata bomba. Laini kuu imepita mita 300 kutoka kwenye nyumba ya bibi. Ili aunganishwe anahitaji hati ya kiwanja, na hati iko kwa jina la marehemu mumewe. Kwa hiyo mirathi kwanza. Ni ardhi.

#22 Fundi Bomba

#21 hati ameipata. Nyumba haina sinki wala choo cha ndani, kwa hiyo bomba halina mahali pa kuishia. Chumba cha bafu kinajengwa kwa fungu jingine, la nyumba, lenye foleni yake. Karo la majitaka linataka udongo unaofyonza, na kwake ni mwamba. Ukiamua kumwekea tangi la kuzika ardhini la lita 4,500 na gari la maji limpitie, pampu inataka umeme, au sola na betri. Betri zile za asidi zikigandishwa huku hazina chaji zinapasuka, kwa hiyo zikae ndani ya nyumba kwenye kisanduku chenye tundu la kutolea hewa nje. Ni hela, #21. Kila hatua hapo ina bei.

#23 Bi Karani

Na wakati mnamjengea, bibi huyo anasafishwa figo mara tatu kwa wiki. Barabara ya udongo ikilowa, gari la wagonjwa haliji, na nyumba haina anwani: maelezo yake ni "ukipita tangi la bluu, kata kushoto penye matairi". Wale wahudumu wa afya wa jamii, walioanza 1968, ndio wanaojua njia. Wanambebea dawa, wanampima sukari, na siku nyingine wanambebea maji.